Mpera Mlangoni, Afya Nyumbani

Ndugu mfanyakazi, kutoka Kasese hadi Bwera huna haja ya kuuliza mpera ni nini. Watoto huuparamia, ndege huula, na mapera mengine huoza chini. Mazuri tunayachagua tukayauze sokoni, kisha fedha ile ile tunawanunulia watoto soda. Hapo tumepata hasara.

Gramu 100 za pera zina miligramu 200 na zaidi za vitamini C. Za chungwa zina kama 50 tu. Mtu mzima anahitaji miligramu 45 kwa siku. Basi pera moja linamtosha, na linabakiza.

Faida yake kubwa iko kwenye sahani yetu ya kila siku. Maharage yana madini ya chuma yanayojenga damu, lakini mwili huyapokea kwa shida. Ukila pera pamoja na bundu na maharage, vitamini C husaidia mwili kuyapokea. Chai hufanya kinyume chake, kwa hiyo iacheni mpaka baadaye. Lileni pera likiwa bichi, maana moto huipunguza vitamini hiyo.

Kuupanda si kazi ngumu. Chagua mbegu za mti unaozaa vizuri. Acha nafasi ya hatua tano au sita kati ya mti na mti. Ukate matawi ili ubaki mfupi kama kichaka, mtoto aweze kuchuma bila kupanda juu. Baada ya miaka miwili hadi minne utazaa. Mapera yaliyoanguka yafukiwe chini sana, kwani ndani yake huzaliana funza wa nzi wa matunda.

Hatusemi haya ili mwajiri apate kisingizio. Pera si mshahara, wala halijazi pengo la chakula cha mchana kazini. Hayo tutaendelea kuyadai. Lakini tukumbuke Kilembe: mgodi ulianza kutoa shaba mwaka 1956, ukasimama mwaka 1982. Mshahara ulikatika, njaa haikukatika. Mti uliopandwa hausubiri mwisho wa mwezi.

Kwa hiyo, katika kikao kijacho cha tawi, ombeni ruhusa ya kupanda mipera kuzunguka nyumba za wafanyakazi. Na wewe mwenye mti tayari, kabla ya kupeleka kikapu sokoni, toa kwanza fungu la watoto.