Geti Halili Pesa, Barabara Ndiyo Inayokula: Hesabu ya Familia Kupiga Kambi Mikumi

Maelfu ya watu wa Dar es Salaam wameshaiona Mikumi bila kulipa hata senti. Barabara kuu ya kwenda Iringa na Mbeya inaikata hifadhi kwa takriban kilomita 50. Abiria wa basi aliyekaa dirishani anaona twiga, swala na pundamilia, na akibahatika anaona tembo wakivuka lami. Kuteremka hakuruhusiwi, kwa hiyo basi linapita na hifadhi yenye kilomita za mraba 3,230 inabaki nyuma. Ukiwauliza abiria hao kwa nini hawajawahi kukata kona wakaingia getini, wengi watakwambia mbuga ni za Wazungu, bei yake haishikiki. Imani hiyo inaniuma, kwa sababu kwa Mtanzania hesabu inasema vingine kabisa.

Tuipige basi. Tuchukue baba, mama na watoto watatu wa miaka 14, 9 na 3, wanaotoka Dar kwa gari lao aina ya Noah na kulala usiku mmoja ndani ya hema. Kwa raia wa Afrika Mashariki, kiingilio cha Mikumi ninachokitumia hapa ni Sh 5,000 kwa mtu mzima na Sh 2,000 kwa mtoto wa miaka 5 hadi 15. Aliye chini ya miaka 5 halipiwi. Juu yake kuna VAT ya asilimia 18, kwa hiyo mkubwa analipa 5,900 na mtoto 2,360. Wazazi wawili na watoto wawili wanafika Sh 16,520. Kulala kwenye kambi ya umma kunakwenda kwa viwango hivyohivyo, yaani 16,520 nyingine. Gari lenye namba za Tanzania na uzito usiozidi kilo 2,000 ni 20,000, na kwa VAT linakuwa 23,600. Jumla ya malipo yote ya hifadhi kwa saa 24 ni Sh 56,640.

Sasa geuka uitazame barabara. Kutoka Dar hadi geti la Mikumi ni kama kilomita 283. Kwenda na kurudi ni 566, na ukizunguka ndani kutafuta wanyama utaongeza zaidi ya 70. Niweke kilomita 640. Noah inayokwenda kilomita 10 kwa lita itakunywa lita 64. EWURA hutangaza bei kikomo ya mafuta kila mwezi, nayo hupanda na kushuka. Kwa kupanga bajeti natumia Sh 3,000 kwa lita, na hapo mafuta peke yake ni Sh 192,000. Hiyo ni zaidi ya mara tatu ya kila kitu ulicholipa getini.

Chakula cha watu watano kwa siku mbili nakiwekea 45,000, kwa sharti kwamba mnapika wenyewe. Hema lililonunuliwa kwa 180,000 likitumika safari sita, kila safari inabeba 30,000. Ukijumlisha vyote unapata Sh 323,640, sawa na 64,728 kwa kichwa, na yule mdogo wa miaka 3 akiwemo. Katika hizo, asilimia 59 ni mafuta na asilimia 17.5 ni ada. Ongeza laki moja ya dharura kama gari lako ni la zamani, maana pancha hazina adabu na tairi hazijali bajeti ya mtu.

Ukiielewa hesabu hii, utaacha kubana mahali pasipobanika. Kuna wazazi wanaopunguza siku ili kuokoa ada, kumbe kilichowaumiza ni kilomita. Usiku wa pili unagharimu ada nyingine ya 56,640, chakula cha kama 20,000 na lita sita za kuzungukia, 18,000. Jumla ni 94,640, chini ya theluthi moja ya ule wa kwanza, kwa sababu barabara ilishalipwa. Ningependa familia iende mara moja kwa miaka miwili ikalale siku mbili, kuliko kukimbia kila mwaka kwenda kulala usiku mmoja.

Au mjaze gari. Mchukueni shangazi na wanawe wawili wa shule ya msingi, ikiwa Noah yenu ina viti vinane na keria ya juu. Ada zao za kuingia na kulala ni 21,240. Chakula niongeze 25,000, na hema la pili 30,000. Bajeti inafika 399,880, lakini kwa kila mtu imeshuka hadi kama 50,000, kwani mafuta ni yaleyale. Kwa mtu mmoja mafuta yametoka 38,400 yakawa 24,000. Watoto nao wanapata wenzao wa kucheza nao, jambo ambalo wazazi watalishukuru ifikapo saa kumi jioni.

Kibali cha kuingia hifadhini kinahesabiwa kwa saa 24, na hapa wengi hupoteza pesa kwa kutojipanga. Wanyama huonekana vizuri asubuhi na jioni. Katikati ya mchana simba amelala chini ya mti, na watoto nao wamechoka kwa joto. Ondokeni Dar saa kumi na moja alfajiri, mpite sokoni Morogoro, mwingie getini kwenye saa nane mchana. Hapo mna jioni nzima hadi giza, kwa kuwa kuendesha usiku mbugani hakuruhusiwi, kisha mna asubuhi yote ya kesho pamoja na muda wa kunywa chai na kukunja hema kabla ya saa nane kufika tena. Malipo yenu ya siku moja yamewapa vipindi viwili vizuri. Aliyeingia saa mbili asubuhi ametumia saa zake bora akiwa bado anaulizana na mwenzake njia, na kesho yake atakunja hema mbiombio wakati tembo ndio kwanza wanashuka kunywa maji. Malipo hayafanywi kwa fedha taslimu, kwa hiyo andaa simu au kadi, na kila mkubwa abebe kitambulisho cha NIDA. Bila kitambulisho huwezi kuthibitisha kuwa bei ya raia inakuhusu. Ndugu yako wa Muscat au London aliyechukua uraia wa huko atalipa bei ya mgeni, dola 35.40 pamoja na kodi, kwa kuwa Tanzania haina uraia pacha. Mweleze mapema, asije akaaibika mbele ya watoto.

Bwawa la viboko liko kama kilomita tano tu kutoka getini. Ndilo pa kuanzia, hasa kwa mtoto wa miaka 3 asiyeweza kuvumilia saa mbili za kutafuta chui. Viboko hawahitaji kutafutwa: wamejaa majini, wanapumua kwa kishindo, na yeyote anawaona. Kutoka hapo njia zinaingia uwanda wa Mkata, kwenye nyasi za nyumbu, nyati na pundamilia. Kuanzia Juni hadi Oktoba gari dogo linapita. Mvua zikianza, udongo mweusi wa uwanda ule hunasa tairi, na gharama ya kuvutwa na trekta haimo kwenye hesabu yangu. Bahati nzuri likizo ya Juni ya shule inaangukia kiangazi. Vaeni nguo za rangi ya mchanga, kwani mbung'o wanapenda buluu na nyeusi, na msidharau baridi ya usiku ya mwezi huo. Mablanketi ya nyumbani na godoro jembamba vinatosha, hakuna haja ya kununua begi la kulalia kwa kila mtoto.

Jikoni ndipo ubahili unapolipa. Mtungi wa gesi wa kilo 6 wenye jiko la juu unatosha, na kuokota kuni hifadhini ni marufuku. Maharage yachemshwe nyumbani yaive kabisa, yafungwe kwenye ndoo yenye mfuniko. Kambini kazi inabaki kuyaunga kwa kitunguu na nyanya, dakika ishirini, badala ya kuchoma gesi saa mbili huku giza linaingia. Nyanya, ndizi na mboga nunueni Morogoro, si Dar. Bebeni maji kwenye madumu mliyonayo. Mkimaliza kula, kila sufuria na kila ganda la ndizi liingie ndani ya gari na milango ifungwe, maana kambi haina uzio. Fisi hupita usiku, na nyani huamka kabla yenu.

Asiye na gari nina ushauri mwingine kwake: aipite Mikumi aende Udzungwa. Hifadhi ya Milima ya Udzungwa hutembelewa kwa miguu, kwa hiyo hakuna gari la kulipia wala la kukodi, na kukodi gari la kuzungukia Mikumi ndiko kunakoua bajeti ya wasafiri wa basi. Treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro Juni 2024, ni Sh 13,000 daraja la kawaida, na mtoto wa miaka 4 hadi 12 hulipa nusu. Kutoka stendi ya Msamvu, Morogoro, mabasi ya Ifakara yanapita katikati ya Mikumi, kwa hiyo twiga wa dirishani wamo ndani ya nauli, kisha yanakushusha Mang'ula, karibu na geti la Udzungwa. Basi hilo nalikadiria 10,000 kwa kiti.

Kwa familia yetu ya watano usafiri huo unafika 171,000, na ukiongeza ada za kuingia na kulala kwa viwango vilevile, hema, chakula, na 40,000 za askari wa kuongoza na bajaji, jumla ni kama 319,000. Karibu sawa na Mikumi kwa Noah. Lakini mpigie hesabu mama mwenye mtoto mmoja wa miaka 9. Treni 39,000, basi 40,000, ada za kuingia na kulala 16,520, chakula 20,000, hema 30,000, kuongozwa na bajaji 40,000. Jumla 185,520, chini ya mafuta peke yake ya kwenda Mikumi kwa gari. Kwa pesa hiyo atapanda hadi maporomoko ya Sanje, yenye urefu wa mita 170, na kwa miguu ile ile mtoto atawaona mbega wekundu juu ya miti. Akichoka kupika, Mang'ula kuna mama ntilie, na wali wa bonde la Kilombero hauna mpinzani.