Homa ya ini: Namba ya damu inayotabiri siku 90

MACHI 2021 Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, gumzo la Namanga na Busia lilikuwa malori yaliyokwama na hasara. Ini halikutajwa sana, ingawa ndilo linaloharibiwa na sumu hiyo. Mwaka 2004, katika wilaya za mashariki mwa Kenya zikiwemo Makueni na Kitui, wagonjwa 317 waliripotiwa kudhurika na mahindi yenye sumukuvu, na 125 kati yao walifariki. Mwaka 2016 msiba kama huo uliikumba Tanzania, Dodoma na Manyara.

Sumukuvu si chanzo pekee. Homa ya ini aina ya B, pombe ya miaka mingi na vidonge vya maumivu vinavyomezwa kupita kiasi huweza kulifikisha ini hapohapo. Ndugu wakishamfikisha mgonjwa hospitali, swali lao huwa moja: atapona?

Madaktari wana kanuni ya kukadiria jibu, nayo haihitaji mashine ya ajabu. Inaitwa MELD, ilibuniwa katika hospitali ya Mayo Clinic, Marekani, na tangu 2002 nchi hiyo huitumia kupanga foleni ya wanaosubiri kupandikizwa ini. Ilianza na vipimo vitatu vya damu. Bilirubini ni ile rangi ya manjano ambayo ini zima huitoa kupitia nyongo. Kreatinini huonyesha kama figo nazo zimeanza kulegea. INR hupima damu inachukua muda gani kuganda. Sodiamu, yaani chumvi ya damu, iliongezwa baadaye.

Vikichanganywa, hutoa namba kati ya 6 na 40. Miongoni mwa wagonjwa wa foleni ya Marekani waliofuatiliwa kwa miezi mitatu, wenye namba chini ya 9 walifariki wawili hivi katika kila 100. Wenye 20 hadi 29 walikuwa karibu 20. Waliofika 40, takriban 71.

Kati ya vipimo vile vitatu vya mwanzo, INR ndiyo yenye uzito mkubwa zaidi katika hesabu. Wengi wetu hungoja macho yawe ya njano ndipo tutafute daktari. Lakini ini ndilo linalotengeneza protini za kugandisha damu, na baadhi yake hudumu saa chache tu mwilini. Ini likishindwa ghafla, damu huweza kuonyesha mapema kuliko macho. Kwa mshtuko wa ghafla namna hiyo madaktari wengi hutumia vigezo vya King's College, London, vya mwaka 1989, ambavyo navyo hutazama kuganda kwa damu na kreatinini, pamoja na kuchanganyikiwa kwa mgonjwa.

Namba hii ina kasoro zake. Kreatinini ya wanawake kwa kawaida huwa chini kwa sababu misuli yao ni midogo, hivyo kwa miaka mingi walionekana wazima kuliko walivyokuwa. Marekani ilirekebisha kanuni mwaka 2023. Dawa ya kuzuia damu kuganda nayo hupandisha INR hata ini likiwa zima, kwa hiyo daktari aambiwe kama mgonjwa anaitumia.

Kwa anayevuka mpaka na mgonjwa, au familia inayouza shamba ili kumpeleka India kupandikizwa ini, kuna jambo dogo ambalo naona halisemwi vya kutosha. Maabara hazitumii vizio sawa. Bilirubini ya miligramu 3 kwa desilita ni ileile ya mikromoli 51 kwa lita. Kreatinini ya miligramu 1 ni mikromoli 88. Anayemtajia daktari kwa simu "ilikuwa 51" bila kutaja kizio anaweza kuzua taharuki, au kuficha hatari. Beba karatasi halisi za maabara, zenye tarehe na vizio, za kila mara mgonjwa alipopimwa. Namba iliyopanda kutoka 14 hadi 24 ndani ya wiki mbili humwambia daktari mengi kuliko 24 peke yake.