Usiandike nusu ya mazungumzo

Usiku mmoja huko Durban, mzee mmoja hakulala kwa sababu ya mstari mmoja nilioandika mimi. Nausimulia mkasa huu kwa ajili ya vijana wetu waliopenda kusikiliza redio za meli na ndege, ambao kila mmoja anatamani awe wa mwanzo kupeleka masafa mapya kwenye orodha.

Kwanza tuelewane. Skana ni redio ya kupokea tu, haisemi. Inaruka kutoka masafa haya kwenda mengine, na ikikuta sauti inasimama. Ili ujue pa kusikiliza unahitaji orodha, na orodha hizo hutengenezwa na wasikilizaji wenyewe. Iliyo maarufu ni kanzidata ya RadioReference, iliyoanzia Marekani. Humo masafa yamepangwa kwa nchi, mkoa na mji, na unachokipeleka hupitiwa kwanza na wasimamizi. Ziko pia orodha ndogo ndogo za wasikilizaji wa mji mmoja, na mimi nilikuwa nikichangia moja ya hizo.

Nilikuwa nikisikilizia Bluff, kile kilima kirefu kinachoikinga bandari ya Durban na bahari kuu. Jioni moja nikanasa sauti safi kabisa ya kituo cha pwani kikizungumza na boti ya uvuvi. Nikaandika namba, nikaongeza maneno "boti za uvuvi na kituo cha pwani", nikapeleka. Kumbe nilikuwa nimesikia upande mmoja tu.

Chaneli za bahari ni za aina mbili. Chaneli 16, ya kuitana na ya dharura, ina masafa mamoja: meli na kituo wote husema kwenye 156.800 MHz. Nyingine zina masafa mawili. Chukua mfano wa chaneli 26. Kwa jedwali la kimataifa, meli husema kwenye 157.300 na kituo cha pwani husema kwenye 161.900. Ukiweka namba moja tu katika skana yako, utamsikia mtu anauliza na hasikiki wa kumjibu.

Ndiyo yaliyomfika mzee wangu wa Chatsworth. Yeye ni wa jamii ambayo Durban huitwa Wazanzibari. Wazee wao waliteremshwa hapo kuanzia mwaka 1873, baada ya manowari za Uingereza kuwatoa katika majahazi ya watumwa. Waliishi Kings Rest, hapo hapo Bluff, mpaka serikali ya ubaguzi ilipowahamishia Chatsworth miaka ya 1960. Tulijuana msikitini, akapenda skana yangu, akanunua yake, na orodha nikampa mimi.

Mjukuu wake alikuwa baharini usiku ambao upepo wa kusini-magharibi ulipanda ghafla. Mzee akawasha skana kwenye masafa niliyoyaandika. Akakisikia kituo kinaitaja boti ya mjukuu wake: Mko wangapi? Injini inafanya kazi? Rudia. Rudia tena. Jibu hakusikia hata moja. Akatandika msala, akabaki juu yake mpaka alfajiri, kijana alipoingia mlangoni na samaki wake. Alikuwa amejibu kila swali, ila kwenye masafa ya pili ambayo mimi sikuyaandika.

Mzee hakunigombeza. Aliniambia tu, "Mwanangu, ungeandika kwamba upande wa pili huujui, ningelala."

Tangu siku hiyo sipeleki kitu kabla ya kujiuliza haya.

Je, namba imekamilika? Usikate tarakimu. 156.500 ni chaneli 10, ya mazungumzo. 156.525 ni chaneli 70, ambayo haina sauti za watu, bali miito ya kidijitali ya dharura. Anayeandika 156.5 kwa uvivu amempeleka mwenziwe pengine kabisa.

Je, ni upande mmoja au pande zote mbili? Kama umesikia kituo tu, andika "kituo tu, upande wa meli haujasikika". Huo si upungufu wa aibu. Ni habari yenye faida, maana atakayekuja baada yako atajua cha kutafuta.

Je, ni AM au FM? Ndege za kiraia hutumia AM, meli hutumia FM. Redio nyingi za makampuni huongeza toni ya chini, mfano 88.5 Hz, ili redio zao zifunguke kwa wenyewe tu. Ikiwa skana yako inaonyesha toni, iandike.

Je, ni masafa ya kweli au ni kivuli? Skana nyingi za zamani hufanya kazi ndani yake kwa 10.7 MHz, na kwa sababu hiyo huweza kunasa kituo kilicho mbali kwa mara mbili ya namba hiyo, yaani 21.4. Tuseme umemsikia rubani wa ndege kwenye 142.900. Toa 21.4, unapata 121.500, masafa ya dharura ya ndege. Rubani hakuwa kwenye 142.900 hata kidogo. Ni mashine yako iliyodanganyika. Jaribu kwa redio nyingine kabla ya kupeleka.

Mwisho, umesikia mwenyewe au umeambiwa? Andika ulipokuwa umesimama, tarehe, saa, na mara ngapi umesikia. Kunakili orodha ya mtu mwengine si kusikia. Kosa moja likinakiliwa mara kumi linaonekana kama ushahidi wa watu kumi.

Mzee wangu alilijua hilo kuliko mimi. Wengi wa wazee wake walikuwa Wamakhuwa wa kaskazini mwa Msumbiji, lakini waliandikwa Wazanzibari, na serikali ya ubaguzi ikaja kuwaandika "Waasia wengine". Walioandika hawakukaa kuuliza sana, na familia nzima zikapangiwa pa kuishi kwa mujibu wa karatasi hizo.

Kwa tulio Ghuba nasisitiza jambo moja. Sheria za kumiliki na kutumia skana si sawa kila nchi, kwa hivyo uliza mamlaka ya mawasiliano kabla ya kununua au kusafiri nayo. Kwa Oman ni TRA. Na popote ulipo, unachokipeleka kwenye orodha ni masafa, si maneno ya watu uliyoyasikia. Anayetaka kuingia kwa mlango halali, Oman iko Jumuiya ya Kifalme ya Redio za Ridhaa, iliyoanzishwa mwaka 1972. Marehemu Sultan Qaboos mwenyewe alikuwa na leseni ya redio hizo, kwa alama ya A41AA.

Mstari wangu wa Durban niliurekebisha asubuhi ile ile. Niliongeza namba ya pili, na chini yake nikaandika: "Upande wa boti sijausikia mwenyewe, nimeupata kwenye jedwali."