Jina la Jarida ni la Nani? Umiliki, Ada na Mustakabali wa Uchapishaji wa Kitaaluma

1.0 Utangulizi

Kwa zaidi ya miaka 20, mjadala kuhusu uchapishaji wa kitaaluma umetawaliwa na suala la usomaji: nani asome bila kulipa? Azimio la Budapest la mwaka 2002 lilitaka makala ya kitaaluma yapatikane bure mtandaoni, na Pendekezo la UNESCO kuhusu Sayansi Huria la mwaka 2021 likaupa msimamo huo uzito wa kimataifa. Makala haya yanaeleza kwamba kumfungulia msomaji mlango ni nusu tu ya suala. Nusu ya pili ni umiliki, yaani nani mwenye jina la jarida na nani mwenye kauli ya mwisho kuhusu ada. Hoja hiyo inafafanuliwa kwa kisa cha jarida la isimu la Lingua, kisha inahusishwa na hali ya majarida ya Kiswahili.

2.0 Kutoka Ada ya Msomaji hadi Ada ya Mwandishi

Kwa muda mrefu majarida ya kibiashara yaliendeshwa kwa fedha za usajili zilizolipwa na maktaba. Mwandishi hakulipwa kwa makala yake, wala mpitiaji kwa mapitio yake. Vyuo vilivyowalipa mishahara ndivyo vilivyonunua tena matunda ya kazi yao. Utafiti wa Vincent Larivière na wenzake uliochapishwa mwaka 2015 ulionesha kuwa kampuni tano kubwa zilitoa zaidi ya nusu ya makala ya mwaka 2013 yaliyomo katika hifadhidata ya Web of Science. Utafiti huohuo ulibaini kwamba fani za sanaa na insia hazikuwa zimemezwa kwa kiasi hicho.

Septemba 2018 kundi la wafadhili wa utafiti, wengi wao wa Ulaya, lilitangaza Mpango S, likitaka matokeo ya tafiti linazozigharimia yasomwe bure tangu siku yanapochapishwa. Kampuni nyingi zilikidhi madai ya aina hiyo kwa kuuhamishia mzigo upande wa mwandishi. Mwishoni mwa mwaka 2020 jarida la Nature lilitangaza ada ya yuro 9,500 kwa makala moja ya ufikiaji huria. Kwa mfumo huo, mhadhiri wa Dodoma au Eldoret aliyezuiwa kusoma sasa anasoma, lakini hana uwezo wa kuchapisha palepale anaposoma. Msamaha wa ada upo kwa baadhi ya nchi, ila msamaha ni hisani ya mwenye mali. Anayeutoa ndiye anayepanga masharti yake.

Ada ya mwandishi ina athari nyingine. Mapato yanapotegemea idadi ya makala yanayokubaliwa, kila makala yanayokataliwa ni fedha iliyopotea. Hindawi, kampuni iliyonunuliwa na Wiley mwaka 2021, ilibatilisha zaidi ya makala 8,000 katika mwaka 2023 pekee, baada ya kubainika kuwa mchakato wa mapitio ulikuwa umechezewa. Si kila jarida linalotoza ada huangukia huko, lakini kisa hicho kinaonesha kishawishi kilichomo ndani ya mfumo wenyewe.

3.0 Kisa cha Lingua

Jarida la Lingua lilianzishwa Uholanzi mwaka 1949, na baadaye likawa mali ya kampuni ya Elsevier. Mwaka 2015 wahariri wake, wakiongozwa na Johan Rooryck, waliitaka kampuni ilifanye jarida lote kuwa la ufikiaji huria, itoze ada ndogo, na ikabidhi umiliki wa jina kwa wanaisimu. Kampuni ilikataa. Wahariri wote sita na wajumbe wa bodi ya uhariri walijiuzulu, na mwaka 2016 wakaanzisha jarida jipya, Glossa, ambalo waandishi wasio na ufadhili hawakulazimika kulilipia.

Funzo la kisa hiki lina pande mbili. Kwa upande mmoja, kilithibitisha kwamba uhai wa jarida umo katika jumuiya ya wahariri, wapitiaji na waandishi, kwani jumuiya hiyo ilihama na kazi ikaendelea. Kwa upande mwingine, jina na matoleo ya zaidi ya miongo sita vilibaki kwa kampuni, ambayo iliteua wahariri wengine na kuendelea kuchapisha Lingua. Sifa iliyojengwa na vizazi vya wanaisimu haikuweza kuhama pamoja na walioijenga.

4.0 Hali ya Majarida ya Kiswahili

Majarida ya taaluma za Kiswahili yanacho kile ambacho wahariri wa Lingua walinyimwa. Jarida la Kiswahili, ambalo chimbuko lake ni Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1930, na jarida la Mulika, yako chini ya Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Swahili Forum, lililoanza Köln, Ujerumani, mwaka 1994, linasomwa mtandaoni bila malipo. Majina haya yamo mikononi mwa wanataaluma wenyewe.

Upungufu uko katika udumifu. Makala yaliyowekwa kwenye tovuti bila kitambulisho cha kudumu cha kidijitali hupotea anwani ya tovuti inapobadilika, na kila rejeleo lililoyataja hubaki likielekeza pasipo kitu. Nyenzo za kuziba pengo hili zipo: programu huria ya Open Journal Systems huendesha mapokezi, mapitio na uchapishaji, na AJOL imekuwa ikiyatangaza majarida ya Afrika mtandaoni tangu mwaka 1998. Hata hivyo, programu haijiendeshi. Panahitajika mtu ambaye kazi hii ni sehemu ya ajira yake, badala ya mhariri anayeifanya usiku baada ya kusahihisha mitihani.

Upungufu wa pili ni wa tathmini. Pale vigezo vya kupandisha cheo vinapothamini tu majarida yaliyomo katika faharasa za kibiashara, mtafiti wa lahaja ya Kimakunduchi hushawishika kuandika kwa Kiingereza. Azimio la Helsinki la mwaka 2019 linasisitiza kuwa lugha ya uchapishaji isiwe kigezo cha kuushusha hadhi utafiti. Kwa Kiswahili suala hili ni la uhai, kwa kuwa istilahi haikomai kwa kuorodheshwa kwenye kamusi. Hukomaa kwa kutumiwa, kupingwa na kurekebishwa katika makala.

5.0 Hitimisho

Ufikiaji huria bila umiliki huhamisha tozo kutoka kwa msomaji hadi kwa mwandishi; umiliki bila matunzo nao huishia kwenye viungo vilivyokufa. Vyuo vinavyomiliki majarida ya Kiswahili vinapaswa kuyatengea bajeti na watumishi kama vinavyofanya kwa maktaba, na kuyapa nafasi yanayostahili katika vigezo vya kupanda cheo. Wanaisimu wa Lingua walilazimika kuliacha jina ili kuinusuru kazi. Majarida ya Kiswahili bado yanaweza kuvitunza vyote viwili.