Kupima Mafuta ya Karafuu kwa Mwanga

Mtu wa Songea, mbali na bahari, hununua chupa ya mafuta ya karafuu kwa ajili ya jino. Hajapata kuliona shamba letu. Atajuaje kuwa mafuta hayakuchanganywa? Wataalamu wana chombo kiitwacho polarimeta, na yafaa kila mwanachama akifahamu.

Tazama viatu vyako. Vinafanana, lakini cha kulia hakikai mguu wa kushoto. Baadhi ya molekuli, yaani chembe ndogo sana za kitu, ziko vivyo hivyo. Chombo huchuja mwanga, ukabaki ule unaotetemeka upande mmoja tu, kisha huupitisha katika mafuta. Molekuli za kushoto au za kulia huuzungusha. Bwana Biot, Mfaransa, aliliona jambo hili katika tapentaini mwaka 1815.

Yujinoli, iliyo sehemu kubwa ya mafuta yetu, haina kushoto wala kulia. Kariofilini inayo. Ndiyo sababu mafuta safi ya karafuu au ya makonyo huzungusha mwanga kidogo tu kuelekea kushoto, kwa kawaida yasizidi digrii 1.5. Yakitiwa tapentaini, mara nyingi kipimo hutoka nje ya mpaka huo.

Lakini chombo hiki hakifichui kila hila. Yujinoli ya kiwandani ikiongezwa, mwanga haugeuki sana. Hivyo lazima vipimo vingine vifuate. Basi ndugu wanachama, tusichanganye. Chupa moja mbovu ikigunduliwa, mnunuzi atayashuku mafuta yetu sote.