Je, Wajua Nywila Hulindwaje?

Mnamo mwaka 1966, katika chuo cha MIT huko Marekani, ambako kompyuta moja kubwa ilitumiwa na watu wengi kwa wakati mmoja, kila mtu kwa nywila yake, wasimamizi wawili walikuwa wakihariri faili mbili mbalimbali kwa saa ile ile. Na kwa kuwa programu ya kuhariria ilizipa nakala zao za muda jina moja, faili zikabadilishana mahali, hata kila aliyeingia mitamboni, badala ya kuletewa tangazo la siku, akachapiwa orodha nzima ya nywila za wenzake.

Kosa halikuwa la wasimamizi peke yao, bali hasa la kuweka siri kwa maandishi ya wazi. Dawa yake, aliyoibuni Roger Needham wa Cambridge, Uingereza, katika miaka hiyo hiyo ya 1960, naiona kuwa miongoni mwa fikra bora kabisa za taaluma ya kompyuta: kompyuta isihifadhi nywila hata kidogo, ila ihifadhi jawabu la hesabu ambayo kuifanya ni rahisi na kuirejesha nyuma ni muhali. Mwenye nywila akiiandika, hesabu hufanywa upya, na majibu yakiwafikiana huruhusiwa kupita. Mwaka 1979 Robert Morris na Ken Thompson wakaeleza jinsi ya kuichanganya kila nywila na tarakimu za nasibu, ili watu wawili waliochagua neno moja wasiwe na jawabu moja.

Lakini elimu yote hiyo haimfai kitu mtu achaguaye 123456, nywila iliyoonekana mara nyingi kuliko zote mwaka 2009, zilipoibwa nywila zaidi ya milioni 32 za kampuni ya RockYou, ambayo, ajabu, ilikuwa ikiziweka wazi. Herufi ndogo 8 za alfabeti zaweza kupangwa kwa namna zaidi ya bilioni 208, na mashine ijaribuyo bilioni 10 kwa sekunde huzimaliza zote kabla ya nusu dakika. Zikiwa 16, mashine hiyo hiyo yahitaji miaka zaidi ya 100,000, maadamu zimechaguliwa kwa nasibu. Kugeuza herufi a kuwa @ hakumzuii mwizi, kwani hila hiyo aijua zamani.

Basi, msomaji, chagua kwa kurusha dadu, katika orodha ya maneno yenye namba, maneno sita yasiyohusiana, yaunge pamoja, na nywila ya barua pepe usiitumie tena benki.