Gari la Bingwa Katika Mbio za Ridhaa: Je, Lina Nafasi?

Tangu mbio za baiskeli za mwaka jana, zile zinazowakutanisha wanafunzi na wanafunzi wa zamani katika barabara ya Gisenyi na Rubona, swali moja halijatulia katika mabweni yetu. Ndugu yetu mmoja aliyesoma hapa alikuja likizo kutoka Ulaya, akaleta baiskeli ya kaboni, namna ile ile wanayopanda watu wanaolipwa mshahara kwa kukimbia. Alishinda, na wa pili alifika baada ya muda mrefu, juu ya baiskeli ya chuma aliyoazima kwa mtu anayebebea abiria sokoni. Wengine walipiga makofi, wengine walinung'unika. Yule bwana hakuvunja sheria yo yote, kwa maana sheria ya vyombo haikuwapo.

Muhula ujao kamati ya michezo itaandika sheria hiyo. Mimi ni mwanafunzi wa zamani, na kazi yangu siku ya mbio ni kushika saa penye mstari wa mwisho. Wavulana wawili wa mwaka wa tatu wamekwisha kuniambia kwamba hawatajiandikisha tena. Kwa hiyo nimeona vema kueleza jambo hili jinsi lilivyo, kabla ya watu kupiga kura.

Kwanza tufahamu maneno. Mchezaji wa kulipwa hupata riziki yake kwa mchezo. Mchezaji wa ridhaa hucheza kwa kupenda, na Jumatatu hurudi kazini au darasani. Hapo hakuna ugumu. Ugumu huanza mtu wa ridhaa anaponunua chombo cha watu wa kulipwa. Mtu ni wa ridhaa, lakini chombo si cha ridhaa. Je, tumpime mtu, au tupime chombo?

Swali hili ni la zamani katika mbio za motokaa, na huko ndiko tunakoweza kujifunza. Motokaa iliyotengenezwa kwa mbio za kulipwa hufanana kwa nje na ile inayouzwa dukani, lakini ndani ni kitu kingine. Tutazame gari la daraja liitwalo Rally2, ambalo siku hizi huonekana sana katika mbio za Afrika. Injini yake ni ya lita 1.6 tu, lakini ina turbo. Magurudumu yote manne husukuma. Gia zake hubadilishwa kwa kuvuta mkono mara moja. Na uzito wake wa chini kabisa umewekwa kuwa kilo 1,230. Sheria za daraja hili zilipoanza mwaka 2013, likiitwa R5, bei ya gari isiyozidi ilikuwa Euro 180,000. Tena angalieni jambo hili: wenye sheria wameamuru hewa ya injini ile ipite katika tundu la milimita 32, ili gari la mmoja lisizidi mno nguvu za gari la mwenzake. Basi hata mabingwa wenyewe hawaachiwi kuja na cho chote wanachotaka.

Katika uwanja wa kuzunguka liko jambo jingine, nalo ni usalama. Gari moja likienda kilomita 120 kwa saa na jingine 200, tofauti ni kilomita 80 kwa saa, yaani mita 22 hivi kila sekunde. Dereva wa gari la polepole hutazama kioo chake asione kitu. Akihesabu moja, mbili, tatu, gari lililokuwa mita 66 nyuma limekwisha kumfikia. Akigeuza usukani wakati huo, msiba uko mlangoni.

Kwa baiskeli mambo ni madogo zaidi, lakini hesabu ni ile ile. Chama cha baiskeli cha ulimwengu, UCI, hakiruhusu baiskeli ya mashindano iwe chini ya kilo 6.8. Tuseme baiskeli ya kaboni ni kilo 7, na ile ya chuma kilo 20, na wapandaji wawili wenye nguvu sawa wana kilo 60 kila mmoja. Mmoja anapandisha kilima kilo 67, mwenzake kilo 80. Kilima ambacho wa kwanza hukimaliza kwa dakika 10, wa pili hukimaliza kwa dakika 12 kasoro kidogo. Hizo dakika mbili hazikutoka katika mapafu wala katika mazoezi. Zilitoka dukani.

Sasa tuwasikilize wanaosema kwamba chombo hakishindi peke yake. Wana haki kusema hivyo, na ushahidi wao uko Afrika Mashariki. Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano ya motokaa yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Ndiyo yaliyokuja kuitwa Safari Rally. Wakati ule magari yalikuwa ya kawaida, na yaligawanywa kwa madaraja ya bei, ili gari la bei ndogo lishindane na wenzake. Baadaye viwanda vya ng'ambo vilianza kuleta magari na madereva wao. Je, walitwaa kombe mara moja? La. Matope na mashimo yaliwakatalia. Mwaka 1963 magari 84 yalianza, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yalianza 93, na tena yakamaliza 7. Mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki wa Kenya, katika Peugeot 404. Joginder Singh, naye wa Kenya, alishinda mwaka 1965 kwa Volvo. Dereva wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda alikuwa Hannu Mikkola wa Finland, mwaka 1972.

Lakini wanaoleta ushahidi huo wausome mpaka mwisho. Barabara zilikuwa ndefu na mbaya, na mwenyeji alizijua. Hiyo elimu ya njia ilisawazisha mizani. Katika njia fupi ya lami, au katika uwanja wa kuzunguka, mizani hiyo haipo. Pale chombo husema kwa sauti kubwa zaidi.

Safari Rally iliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, mshindi alikuwa Sébastien Ogier wa Ufaransa, katika gari la kiwanda cha Toyota. Onkar Rai wa Kenya alikuwa wa saba katika Volkswagen Polo. Mtu angesema, wa saba ni nani? Lakini mashindano yale yana madaraja, na katika daraja lake, WRC3, Onkar Rai alikuwa wa kwanza. Barabara ni ile ile, vumbi ni lile lile, na kila mtu alipimwa na wa kiasi chake. Hapo naona jibu letu linaanza kuonekana.

Tuje kwetu Rwanda. Tour du Rwanda, ambayo mara nyingi hufika hapa Rubavu, ilianza mwaka 1988, na ikaingia katika kalenda ya UCI mwaka 2009. Tangu 2014 mpaka 2018 washindi walikuwa Wanyarwanda mfululizo: Valens Ndayisenga mara mbili, Jean Bosco Nsengimana, Joseph Areruya na Samuel Mugisha. Mwaka 2019 mashindano yalipandishwa daraja, timu kubwa zaidi za kulipwa zikaja, na tangu mwaka huo mpaka 2025 hakuna Mnyarwanda aliyeshinda mbio zote. Je, tulipata hasara? Sisemi hivyo. Mwaka 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika bara la Afrika, na bila hatua zile heshima hiyo isingalitufikia. Lakini nchi iliyachagua mashindano ya kulipwa ikijua inachagua nini. Mbio zetu za Rubona hazikuchagua, zilijikuta tu.

Tena tusisahau faida ya kukiona chombo bora kwa karibu. Nakumbuka jinsi wanafunzi walivyoizunguka ile baiskeli ya kaboni, wakaiinua kwa vidole viwili, wakauliza maswali ambayo hawajapata kuuliza katika somo la fizikia. Kuifukuza kabisa ni kujinyima mwalimu.

Kwa hiyo shauri langu kwa kamati ni haya. Moja, yawepo madaraja matatu: baiskeli za chuma zisizo na gia, baiskeli za gia za kawaida, na baiskeli za mashindano. Mbili, kila daraja liwe na zawadi yake, na zawadi ya daraja la kwanza isiwe ndogo kuliko nyingine, kwa maana huko ndiko waliko wanafunzi walio wengi. Tatu, madaraja yaanze kwa nyakati mbalimbali, wenye mwendo wakitangulia, ili mtu asipitwe ghafula penye kona. Nne, vyombo vikaguliwe na kupimwa uzito siku moja kabla, na mwenye chombo kisichofaa daraja lake ahamishwe bila kufedheheshwa. Tano, mwenye chombo cha kulipwa atakayependa kushindana na wanafunzi apewe baiskeli ya chuma kama yao. Akishinda hapo, sote tutampigia makofi bila kunung'unika.

Wale wavulana wawili nimewaomba wangoje sheria kabla ya kukata shauri. Daftari la kujiandikisha litafunguliwa wiki ya pili ya muhula, na majina yao nitayatafuta humo.